Ubeti wa Tatu

Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, Watiri alikuwa amefika safu ya hamsini na sita ya mgongo wa sweta wakati redio ya duka la jirani ilipoanza kupiga "Nisugue". Hakuinua kichwa. Alisukuma mkono wa mashine ya kufuma kutoka kushoto kwenda kulia, akahesabu hamsini na saba, na alipojitazama gauni lake la kitenge lilikuwa limeondoka pamoja na aproni. Alikuwa amevaa sare ya shule: sketi ya kijivu, shati jeupe, sweta ya rangi ya damu ya mzee yenye tundu kwenye kiwiko cha kulia, soksi nyeupe, na viatu vyeusi vya mkanda vilivyombana vidole. Ndani ya kola ya sweta kulikuwa na kitambaa kilichodariziwa namba 412. Mwili ulibaki ule ule wa mama wa miaka arobaini na minane, na magoti yake, yaliyokuwa yakimsumbua tangu mvua za Aprili, yalikuwa nje yakipigwa na upepo wa Karatina.

Mbele yake alikuwa amesimama mteja aliyekuja kuagiza sweta za watoto wawili. Mama huyo alinyoosha mkono, akashika ile sweta ya Watiri na kuisugua kidogo kati ya vidole kama mtu anayenunua mchele.

"Hii rangi ndio nataka," alisema. "Lakini yangu isikuwe na hiyo shimo."

"Haitakuwa na shimo," Watiri alisema.

Wimbo ulichukua dakika nne na sekunde kumi. Ulipokwisha kitenge kilirudi, aproni nayo ikarudi na futikamba yake mfukoni, na Watiri akapima mabega ya watoto.

Mambo haya yalikuwa na miaka mitatu sasa. Yalianza siku ya Ijumaa Kuu, Watiri akiwa amepanga foleni kusaga mahindi, debe kichwani. Mwenye mashine alikuwa na redio, redio ikapiga wimbo mpya, na Watiri akajikuta na soksi nyeupe. Watu waligeuka wakamwangalia. Mwenye mashine alimwita kwa kidole.

"Watoto wa shule hawapangi laini hapa," alisema. "Pita mbele."

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na watu wa Karatina wameona makubwa kuliko sare. Mwezi wa kwanza waliongea. Mwezi wa pili walikuwa wamezoea. Mume wake Kinuthia, ambaye ni mtu wa chai na maneno machache, alijifunza kuweka blanketi karibu na redio ili wimbo ukianza amfunike magoti. "Angalau ni sare," alimwambia siku moja. "Ingekuwa ile nguo ya kulala mlikuwa mnavaa huko boding, sijui tungeficha uso wapi." Watiri alicheka, kisha akachoka kucheka.

Sababu aliijua tangu ile siku ya mahindi. Wimbo ulikuwa wake.

Aliutunga mwaka wa tisini na mbili, akiwa kidato cha pili, ndani ya sufuria. Ndiyo, ndani. Shule yao ya wasichana, iliyo katikati ya mashamba ya chai, ilikuwa na sufuria ya githeri, ile ya mahindi na maharagwe, kubwa hivi kwamba aliyepewa adhabu ya kuisugua alivua viatu akaingia. Watiri alikuwa amechelewa maombi ya asubuhi, akapewa sufuria, majivu na gunzi la mahindi. Githeri ilikuwa imeungua. Alisugua akaimba, sauti ikampiga pande zote ikamrudia, na kabla hajafika chini wimbo ulikuwa umekamilika, beti tatu na kiitikio: *Nisugue, Bwana, usichoke, mpaka chini uone uso wako.* Akitoka, kiwiko kilikwama kwenye sikio la sufuria, sweta ikatoboka. Tundu ndilo lile.

Wasichana wa Umoja wa Kikristo waliupenda. Lakini Watiri alikuwa na mwandiko wa kuku, na kitabu cha nyimbo za kwaya kilikuwa kitu cha heshima, kwa hivyo kazi ya kuandika alipewa rafiki yake Wakonyo, ambaye herufi zake zilikaa kwenye mstari kama askari wa gwaride. Watiri aliimba, Wakonyo akaandika. Walipomaliza ubeti wa pili kengele ya chakula ililia, na Wakonyo akasema beti mbili zinatosha kwa mashindano. Kisha akaandika jina lake chini ya ukurasa. Hakukosea. Ndiyo iliyokuwa sheria ya Mwalimu Kingori, mwalimu wa kwaya: anayeandika atie jina, ili makosa ya maandishi yakionekana mwalimu ajue ni nani wa kuchapwa.

Miaka thelathini ikapita. Wakonyo akaokoka mara ya pili, akawa mwimbaji, akatoa kaseti zisizosikika hata Kerugoya, kisha akatoa "Nisugue". Ikapigwa harusini, matangani, na kwenye mikutano ya wanasiasa. Redioni Wakonyo alitoa ushuhuda: alikuwa amepanda kilimani kufunga, na siku ya tatu, bila tone la maji, malaika akamletea wimbo. Hakuna mtangazaji aliyeuliza ni kitu gani kilikuwa kinasuguliwa huko kilimani.

Mwaka wa kwanza Watiri alimweleza mchungaji wake. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, wimbo ni wa Mungu," alisema. "Utukufu tusimnyang'anye."

Kisha akamwombea aondolewe uchungu moyoni. Watiri alisema amina, kwa sababu maombi yakiisha ndivyo mtu husema.

Kwenye kwaya ya kanisa mambo yalikuwa magumu zaidi. Wanakwaya walivaa majoho ya zambarau, na kila walipoimba "Nisugue", joho la Watiri liliondoka, akabaki na damu ya mzee katikati ya zambarau. Mugo, mwalimu wa kwaya, alikuwa mtu mpole. Alimwita kando baada ya mazoezi, akaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Mama, sio kwa ubaya. Ni ile safu inaharibika. Hiyo moja tu, ukae chini. Zingine zote uimbe."

Kwa hivyo kila Jumapili wimbo ulipofika Watiri alikaa kwenye benchi kando ya kinanda, na sare yake, akachunga mikoba ya waimbaji wa sauti ya kwanza. Watu walimwonea huruma kwa ile baridi. Wimbo wenyewe hakuuimba tena mahali popote, hata jikoni kwake.

Aliyemwamsha alikuwa Batula. Batula alitoka Nanyuki kila mwezi kuchukua sweta za jumla, na mwezi huo wa Septemba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akinywa chai wakati redio ilipoanza. Aliona kitenge kikiondoka. Aliweka kikombe chini, akangoja wimbo uishe kama mtu anavyongoja mwenzake amalize kuswali.

"Hiyo nyimbo ni yako?" aliuliza.

Watiri aliachilia mkono wa mashine. Miaka mitatu, kanisa zima, soko zima, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza.

"Ni yangu," alisema.

"Na huyu anaimba, anajua?"

"Anajua. Nilimwimbia yeye akaandika."

"Basi mwambie mbele ya watu," Batula alisema. "Ukimwambia kando atakuambia pole."

Machozi yalimtoka Watiri. Aliyafuta kwa mkono wa sweta ya mtu, akaona aibu, akaifumua safu hiyo na kuirudia.

Novemba shule iliandaa siku ya wanafunzi wa zamani, na mgeni wa heshima alikuwa Wakonyo. Watiri hakutaka mengi. Alitaka Wakonyo, akiwa na kipaza sauti mkononi, aseme: "Wimbo huu alitunga Watiri." Maneno manne. Alikuwa ameyahesabu kama anavyohesabu safu. Baada ya hapo Wakonyo angeweza kuendelea kuuimba mpaka Yesu arudi.

Alifika mapema, katika gauni la buluu alilopiga pasi mara mbili. Mahema yalikuwa yamepangwa uwanjani, na shule ilinuka vile vile, majani mabichi na mahindi yanayochemka. Wanawake wazima, wengine na magari, walikuwa wakikimbia mabwenini kutafuta vitanda vyao. Mmoja alikuwa ameushika mfereji wa maji akilia, na mwenzake akimcheka. Jikoni walikuwa wanagombania ukoko wa githeri, ule ule waliokuwa wakimtupia mbwa wa mlinzi. Watiri aliiona sufuria yake. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, na miguu miwili ya msichana wa kidato cha pili ilikuwa inachomoza ndani yake.

"Maliza pembeni kwanza," Watiri alimwambia. "Chini itakuja yenyewe."

"Asante, mum," sauti ilisema kutoka ndani.

Kwenye maktaba walikuwa wameweka vitu vya zamani chini ya kioo: vikombe, picha, kengele iliyopasuka. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa "Nisugue". Herufi zilikuwa bado gwarideni, na chini kabisa jina la Wakonyo. Wanawake walikuwa wanapiga picha ukurasa ule. "Unaona," mmoja alisema, "hata akiwa mtoto Mungu alikuwa amemweka alama."

Watiri alimtafuta Mwalimu Kingori. Alimkuta chini ya hema la wageni, mzee wa miaka themanini na mmoja, kofia kichwani na shuka magotini. Alimtambua bila kuambiwa.

"Watiri wa alto," alisema. "Mwandiko mbaya."

"Ndiyo, Mwalimu. Mwalimu, unakumbuka ile sheria ya kitabu? Kuandika jina chini?"

"Nitasahau aje? Anayeandika aandike jina, nijue mwenye makosa." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wakonyo sikuwahi kumpata na kosa hata moja."

"Na wimbo ni wa nani?"

Mzee aliacha kucheka. Aliangalia jukwaa, maua, viti vya plastiki, na karatasi ya ratiba aliyokuwa ameshika, ambayo ilisema yeye ndiye wa maombi ya kufunga.

"Ni wako, mami. Nilikuwa hapo jikoni nikisikia."

"Basi si uwaambie. Wewe watakuamini."

"Leo?" Mwalimu Kingori alisema. "Watu wamefurahi hivi? Mami, Mungu anajua." Akampapasa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. Watiri hakumkasirikia. Alihisi tu uzito, kama mtu aliyebebeshwa debe la pili kabla hajatua la kwanza.

Wakonyo alipanda jukwaani saa nane, gauni jeupe, kilemba cheupe. Alikuwa amenenepa vizuri na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, hilo lazima lisemwe. Alieleza kuhusu kilima, mfungo na malaika. Wasikilizaji wakasema amina. Kinanda kikaanza.

Watiri alikuwa amechagua kiti cha pembeni makusudi. Sare ilikuja kabla ya neno la kwanza. Wanawake waliokuwa karibu walipiga kelele za furaha.

"Weee! Watiri amekuja na sare!"

"Na bado inamtosha, ati!"

Akainuka na magoti yake nje, akatembea katikati ya mahema mpaka mbele, akasimama chini ya jukwaa mahali alto walipokuwa wakisimama, na akaimba. Sauti ilitoka na kutu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechunga mikoba miaka mitatu. Wakonyo alimwona. Alitabasamu vile waimbaji hutabasamu, akaendelea, na kwa beti mbili waliimba pamoja, mmoja juu na mmoja chini, kama zamani.

Mwisho wa ubeti wa pili Wakonyo aliinua mkono kumwonyesha mpiga kinanda afunge. Watiri hakufunga. Alivuta pumzi akaingia ubeti wa tatu, ambao haukuwa kitabuni wala redioni, na ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa akiukumbuka isipokuwa yeye, sufuria, na labda Mwalimu Kingori:

*Sufuria imeng'aa, masizi yamebaki mikononi;*
*Bwana, usimpite aliyesugua.*

Mpiga kinanda, kama wapiga vinanda wote wa kanisa, alimfuata anayeimba. Watiri alirudia. Mara ya pili wanawake walikuwa wameshika maneno. Mara ya tatu mahema yote yalikuwa yanaimba, wengine wakilia, simu mia zimeinuliwa juu, na sare haikuondoka. Watiri aliwaza, sasa. Sasa hawawezi kukosa kujua. Huwezi kuutoa ubeti usio wako kwenye wimbo usio wako ukiwa ndani ya sweta iliyotobolewa na wimbo huo.

Wimbo ukaisha. Gauni la buluu likarudi. Watiri alisimama akiangalia juu. Wakonyo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mmeona?" alisema. "Mmeona vile moyo wa shule hauzeeki? Hebu mpigieni makofi!"

Wakapiga. Walipiga kwa moyo wao wote, na walipomaliza, mwelekezi wa sherehe alitangaza kwamba kamati ilikuwa imeweka zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyevaa vizuri zaidi, na kwamba mwaka huu hakukuwa na ubishi. Ilikuwa themosi ya chai, ya lita mbili, yenye maua mekundu. Mgeni wa heshima alishuka mwenyewe kuitoa. Alimkumbatia Watiri kwa nguvu, marashi yake yakamwingia puani, na akamsemesha sikioni, kwa ile sauti ya zamani ya bwenini baada ya taa kuzimwa.

"Ile ya tatu nilikuwa nimesahau kabisa," Wakonyo alisema. "Asante, Watiri."

Mwalimu Kingori akafunga kwa maombi. Yalikuwa marefu. Alimshukuru Mungu kwa vipaji, ambavyo humpa kila mtu kadiri apendavyo, na akaombea safari za barabarani.

Januari ni msimu wa sare, na Watiri alifuma tangu jua lichomoze mpaka mgongo ukatae. Batula alikuja wiki ya pili. Watiri alimmiminia chai kutoka kwenye themosi.

"Ulimwambia?" Batula aliuliza.

"Nilimwimbia. Mbele ya watu wote."

"Akasema nini?"

"Alinipa hii."

Batula aliigeuza themosi, akaangalia maua, akaangalia kitako.

"Inashika moto?"

"Inashika. Mpaka saa kumi."

Batula alitikisa kichwa, akanywa chai yake. Redio ya jirani ilikuwa inatoa habari za bei ya viazi. Zilipokwisha mtangazaji alisema kwa furaha kwamba Dada Wakonyo alikuwa amerudi kilimani mwezi wa Disemba, na kwamba huko alikuwa amepewa ubeti uliobaki. Sasa "Nisugue" ilikuwa kamili. Dakika sita kasoro.

Kinanda kikaanza. Watiri alikuwa ndani ya sweta kabla hajaweka birika la maziwa chini.

Aliwahi kujaribu kulishona lile tundu, mara nyingi. Dakika nne hazikutosha. Kutoa mkono kwenye sweta, kutafuta sindano, kutunga uzi, na alipokaribia mwisho wimbo uliisha, na kwa kuwa hakuwa amefunga fundo, ulipopigwa tena tundu lilikuwa limefumuka lote. Leo sindano ilikuwa karibu, na uzi wa damu ya mzee ulikuwa tele mezani, kwa maana ni msimu. Alitoa mkono. Batula alishika upande mmoja wa kiwiko ukakaa wazi. Ubeti wa kwanza Watiri alizungusha kingo, ubeti wa pili akapitisha nyuzi za kwenda, na Wakonyo alipofika kwenye masizi, kwa ile sauti yake nzuri, Watiri alikuwa anapitisha nyuzi za kurudi, moja juu, moja chini.

"Pole pole," Batula alisema. "Bado kunarudiwa."

Ulirudiwa mara tatu, kama ulivyoimbwa uwanjani. Watiri alifunga fundo, akalifunga tena, akakata uzi kwa meno na kurudisha mkono ndani. Aliukunja na kuukunjua. Kiwiko kilikuwa kizima.

Mtangazaji akataja jina la Wakonyo, akalirudia. Kitenge kilirudi, na Watiri akasogeza kiti kwenye mashine kwa sababu kulikuwa na sweta arobaini za kumaliza kabla ya Ijumaa.